Linda Maharage, Linda na Mlaji



Tuseme mama mmoja wa kijiji karibu na Laela amevuna maharage yake mwezi Juni. Ameyapiga, ameyapepeta na kuyaanika. Amejaza magunia mawili. Gunia moja ni la kula nyumbani na kuuza kidogo. La pili, ambalo halikujaa, ni la mbegu. Amefunga magunia yote mawili kwa kamba na kuyaweka ghalani. Mwezi Julai anafungua na kuangalia. Maharage ni mazuri. Anafunga tena, moyo umetulia.

Mwezi Novemba mvua zinaanza. Kazi za shamba ni nyingi na chakula kimepungua. Mama anafungua gunia. Vumbi jeupe linamwagika. Wadudu wadogo wanatembea juu ya maharage, na wengine wanaruka. Karibu kila punje ina tundu la duara. Mbegu nayo imetobolewa vivyo hivyo.

Hapo mama huyu ana njia mbili. Anaweza kuuliza namna nzuri ya kuzuia wadudu ili mwaka ujao asipate hasara tena. Au anaweza kukimbilia dukani, akanunua dawa ya kupulizia pamba au nyanya, akaimwaga juu ya maharage yaliyobaki. Wiki inayofuata watoto watakula maharage hayo.

Leo tutazungumza juu ya njia ya kwanza. Tutaona jinsi mimea inavyoweza kulinda maharage. Tutaona pia kwamba dawa ya mmea nayo ni dawa. Ina kazi yake na ina hatari yake.

MAHARAGE NI NYAMA YA NYUMBANI

Wazee wengi wanakumbuka kampeni ya "Chakula ni Uhai" ya mwaka 1975. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadili chakula bora. Walijifunza kwamba mtoto hakui kwa ugali peke yake. Anahitaji chakula cha kujenga mwili. Nyama, samaki, maziwa na mayai hujenga mwili. Maharage pia hujenga mwili, na maharage tunalima wenyewe.

Somo hilo halijapitwa na wakati. Mkoa wetu wa Rukwa hulima mahindi, maharage na ulezi kwa wingi. Lakini utafiti wa afya wa nchi nzima wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa Rukwa wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba bado karibu nusu yao wamedumaa. Mtoto aliyedumaa ni mfupi kuliko umri wake. Mara nyingi akili yake nayo haikui inavyopaswa.

Udumavu una sababu nyingi. Maradhi ni sababu. Maji machafu ni sababu. Kukosa chakula cha kujenga mwili ni sababu kubwa. Kwa hiyo fukusi anapokula maharage ghalani, anakula chakula cha mtoto.

MJUE FUKUSI

Mdudu anayetoboa maharage huitwa fukusi wa maharage. Ni mdogo, urefu wake ni milimita 3 hivi. Rangi yake ni ya kijivu na kahawia. Si dumuzi. Dumuzi hupenda mahindi na mihogo mikavu. Maharage yenyewe yalitoka bara la Amerika zamani, na fukusi huyu asili yake ni huko huko.

Watu wengi hudhani fukusi huzaliwa ghalani. Sivyo. Mara nyingi hutoka shambani. Maharage yakianza kukauka, jike huruka mpaka shambani na kutaga mayai katika maganda. Mkulima anavuna maharage pamoja na mayai, anayafunga ndani ya gunia bila kujua.

Yai likianguliwa hutoka buu mdogo sana. Buu huyo hutoboa punje na kuingia ndani. Huko hula na kukua. Huwezi kumwona. Akikomaa hugeuka kuwa fukusi kamili, hukata mlango wa duara na kutoka nje. Tundu unaloliona ni mlango wa kutokea. Ukiliona, ujue punje hiyo imekwisha kuliwa.

Sasa tufanye hesabu. Jike mmoja anaweza kutaga mayai 40 au zaidi. Tuseme yote yanakua, na nusu yake ni majike. Majike 20 yakitaga mayai 40 kila moja, wanapatikana fukusi 800. Hao ni wajukuu tu wa jike mmoja.

Kwa nini basi mama yetu hakuona kitu mwezi Julai? Kwa sababu ya baridi. Mji wa Sumbawanga uko juu sana, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Mwezi Juni na Julai Ufipa ina baridi kali. Fukusi akiwa katika baridi hukua polepole. Kule chini katika Bonde la Ziwa Rukwa, kwenye joto, anaweza kukua kutoka yai mpaka mdudu kamili kwa mwezi mmoja hivi. Huku juu huchukua muda mrefu zaidi. Lakini hafi. Mwezi Septemba na Oktoba joto likipanda, wote huamka pamoja.

Kwa hiyo mkulima wa Ufipa asidanganywe na baridi. Maharage yalindwe mwezi Juni, wakati bado yanaonekana mazuri.

USIWEKE DAWA YA SHAMBA KWENYE CHAKULA

Zamani dawa ya DDT ilitumiwa ovyo, hata kwenye vyakula ghalani. Baadaye ilijulikana kwamba DDT hukaa mwilini miaka mingi na hupita katika maziwa ya mama. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 ulizuia matumizi yake katika kilimo. Tanzania iliridhia mkataba huo mwaka 2004.

Lakini hatari haijaisha. Bado wapo watu wanaochukua dawa ya kupulizia mimea shambani na kuiweka katika maharage. Dawa hiyo haikutengenezwa kwa chakula kilichohifadhiwa. Kuosha hakuitoi yote. Kuchemsha pia hakuitoi yote. Mtu aliyekula sumu ya namna hiyo anaweza kutapika, kutokwa jasho na mate mengi, kuona kizunguzungu au kushindwa kupumua. Mtoto huumia upesi kuliko mtu mzima kwa kuwa mwili wake ni mdogo.

Ukiona dalili hizo, mpeleke mgonjwa zahanati mara moja. Chukua na chupa au pakiti ya dawa ili mganga aione.

UTUPA NI NINI?

Mmea mmoja unaojulikana katika nchi yetu ni utupa. Ni kichaka kinachofika urefu wa mita 2 au 3. Majani yake ni madogo madogo, yamepangwa mawili mawili kwenye kikonyo kimoja, na yana manyoya laini. Maua yake ni meupe au ya zambarau. Maganda yake ni marefu na yana manyoya. Utupa ni jamii moja na maharage na kunde, nao hurutubisha udongo.

Majani ya utupa yana sumu. Sumu hiyo humzuia mdudu asiweze kuitumia hewa anayovuta, naye hulegea na kufa. Watu wa zamani waliijua nguvu hiyo. Walitwanga majani na kuyatia mtoni ili samaki walewe, kisha wakawaokota. Uvuvi huo ni mbaya, na sheria imeukataza. Unaua samaki wakubwa na wadogo pamoja.

Jambo hilo litufundishe kitu. Mmea unaoua samaki mto mzima si mboga. Kuna watu husema, "Hii ni dawa ya asili, haina madhara." Usemi huo si wa kweli. Utupa huvunjika nguvu upesi kwa jua na joto, kwa hiyo haukai miaka kama DDT. Lakini ukiwa mpya ni sumu.

Ndiyo maana tunatoa kanuni moja. Isome mara mbili na uikariri:

CHA KULA KILINDWE KWA KITU CHA KULA. MBEGU ILINDWE KWA UTUPA.

MAHARAGE YA KULA

Kwanza, vuna mapema. Maharage yakikauka usiyaache shambani, maana kila siku fukusi anazidi kutaga.

Pili, safisha ghala. Fagia pembe zote. Choma takataka na maharage mabovu ya mwaka jana. Gunia la zamani lichemshe kabla ya kulitumia tena.

Tatu, tumia jua. Tandaza nailoni nyeusi mahali palipo wazi. Mwaga maharage yawe safu nyembamba. Yafunike kwa nailoni nyeupe inayopitisha mwanga, kisha weka mawe pembeni. Acha kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa alasiri, siku ya jua kali. Humo ndani joto hupanda sana. Joto la nyuzi 57 kwa saa moja huua mayai, mabuu na fukusi wote. Kuanika juu ya mkeka bila kufunika husaidia kukausha, na fukusi wakubwa hukimbia. Lakini mabuu walio ndani ya punje wanaweza kupona.

Nne, tumia mafuta ya kula. Mafuta pia hukamuliwa kutoka mimea. Mafuta ya alizeti, ya karanga, ya pamba au ya mawese yanafaa. Kipimo ni kijiko kimoja cha chai kwa kila kilo moja ya maharage. Kwa kilo 20, tumia nusu kikombe cha chai. Kwa gunia la kilo 100, tumia nusu lita.

Acha maharage yapoe kwanza. Yamwage katika karai au beseni, kidogo kidogo. Tia mafuta na changanya kwa mikono mpaka kila punje ing'ae. Kisha jaza katika gunia safi au ndoo yenye mfuniko. Mafuta hufunika yai, nalo hukosa hewa na kufa. Maharage yaliyopakwa hivyo yanaweza kukaa miezi kadhaa. Siku ya kupika, yaoshe kwa maji na uyapike kama kawaida. Hata mtoto akila, amekula mafuta tu.

Je, kama huna mafuta? Ziko njia nyingine. Mwaka 1991 watafiti wa Marekani walitangaza njia rahisi sana. Weka maharage katika dumu au ndoo yenye mfuniko, lakini usijaze. Yafike nusu tu. Kila siku asubuhi na jioni libingirishe chini. Buu mchanga huhitaji muda mrefu wa kutoboa punje. Maharage yakigeuzwa, hupoteza mahali alipoanza. Anaanza tena, yanageuzwa tena. Mwishoni huchoka na kufa. Kazi hii watoto wanaweza kuifanya kila siku wanapokwenda shule na wanaporudi.

Majivu makavu yaliyochekechwa pia husaidia, lakini yanahitajika mengi ili yajaze nafasi zote kati ya punje. Tena siku hizi kuna mifuko maalumu isiyopitisha hewa. Ukiifunga vizuri, wadudu walio ndani hukosa hewa na kufa.

MAHARAGE YA MBEGU

Mbegu haipikwi. Hapa ndipo utupa unapofaa.

1. Chuma majani ya utupa yaliyokomaa. Chuma mengi, kwa kuwa yakikauka hupungua sana.

2. Yaanike kivulini, mahali penye upepo. Usiyaanike juani. Jua huvunja nguvu ya dawa.

3. Yakikauka kabisa, yatwange na kuyachekecha yawe unga laini. Funga kitambaa puani na mdomoni. Tumia kinu cha kazi hiyo tu, si kile cha chakula. Watoto na mama wajawazito wakae mbali.

4. Pima unga. Kwa kilo 20 za mbegu, tumia gramu 400 za unga. Kwa kilo 50, tumia kilo 1. Mwenye duka anaweza kukusaidia mizani, lakini unga uwe ndani ya mfuko uliofungwa.

5. Changanya mbegu na unga juu ya turubai, upepo usipovuma. Geuza kwa koleo mpaka punje zote zipakae. Jaza katika chombo na ukifunge vizuri.

6. Andika kwa herufi kubwa: MBEGU – SUMU – USILE. Kwa wasiojua kusoma, funga kitambaa chekundu. Waeleze watu wote wa nyumbani maana yake.

7. Osha mikono, uso na nguo kwa sabuni. Maji ya kuoshea yamwage shimoni, mbali na kisima, mto na bwawa.

Kila mwezi fungua uangalie. Ukiona fukusi hai, pepeta mbegu na uchanganye unga mpya. Kabla ya kupanda, chukua punje 10, zifunge katika kitambaa chenye maji. Baada ya siku chache hesabu zilizoota. Zikiota 8 au zaidi, mbegu ni nzuri.

GUNIA LA MBEGU

Maji ya utupa pia hufaa. Mwaka 2007 watafiti walitangaza matokeo ya kulowesha magunia kwa maji ya mimea, na utupa ulikuwa mmoja wao. Magunia hayo yalisaidia kuzuia wadudu wa kunde na maharage.

Chukua kilo 1 ya unga wa utupa na lita 10 za maji. Ongeza kipande kidogo cha sabuni. Sabuni ni muhimu, kwa sababu sumu ya utupa haitoki vizuri katika maji matupu. Koroga, funika, acha usiku kucha. Asubuhi chuja kwa kitambaa. Lowesha gunia mpaka lote liive maji, kisha likaushe kivulini. Ndani yake weka mbegu peke yake. Gunia hilo lisitumike kamwe kwa unga, mchele au maharage ya kula.

Ndugu zetu wa bondeni wanaweza pia kutumia mwarobaini kwa mbegu, kwa kuwa mti huo hustawi penye joto. Huku juu penye baridi utupa ni rahisi zaidi kuupata.

JARIBU KWANZA

Kuna jambo moja la ajabu. Si kila utupa una nguvu. Mwaka 2012 watafiti waliochunguza utupa wa Malawi walitangaza kwamba kuna aina mbili zinazofanana kwa macho. Aina moja huua wadudu. Aina ya pili haina sumu inayotakiwa. Huenda ndiyo sababu jirani mmoja husifu utupa na mwingine husema ni uongo. Wote wawili wanaweza kuwa wamesema kweli.

Basi jaribu kabla ya kutegemea. Chukua chupa mbili zenye mdomo mpana. Katika kila chupa tia maharage kiasi kile kile, na fukusi hai 10. Katika chupa ya kwanza changanya unga wa utupa. Katika chupa ya pili usiweke kitu. Funga midomo kwa kitambaa chepesi. Baada ya siku tano hesabu waliokufa. Kama katika chupa ya kwanza wamekufa karibu wote, na katika ya pili wengi ni wazima, utupa wako una nguvu. Chukua mbegu za kichaka hicho, panda pembeni mwa shamba, wagawie na majirani. Kama hakuna tofauti, tafuta kichaka kingine.

Kazi hii ni nzuri kwa kikundi. Watu kumi wakileta majani ya vichaka kumi, kijiji kitajua kichaka chake bora kwa wiki moja. Mwiteni Bwana Shamba au Bibi Shamba aone matokeo.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Linda maharage mwezi Juni, usingoje Novemba. Dawa ya shamba isiguse chakula. Chakula kipakwe mafuta. Mbegu ipakwe utupa. Kila chombo chenye sumu kiwe na alama, na kiwekwe mbali na watoto.

Mama yetu wa Laela akifanya hivyo, Novemba ijayo atafungua gunia na kukuta maharage mazima. Watoto watakula. Na mwezi Februari, wakati wa kupanda maharage, hataenda kuomba mbegu kwa jirani.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini maharage ya Ufipa huonekana mazima mwezi Julai na kuharibika mwezi Oktoba?

2. Katika kijiji chenu watu hutumia dawa gani ghalani? Je, ilitengenezwa kwa chakula?

3. Kwa nini tunatenga maharage ya kula na maharage ya mbegu?

4. Una kilo 60 za maharage ya kula. Utatumia vijiko vingapi vya mafuta?